Jina Likishatangazwa, Ndipo Kazi Yenu Inapoanza

Neno letu linatoka katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 10, ya 12 na ya 14. Zisomeni zote tatu, ndugu zangu, kwa maana tumezoea kuisoma ya kwanza, tukashangilia, kisha tukafunga Biblia.

Katika sura ya 10 taifa zima limekusanyika Mispa. Kura inapigwa kabila kwa kabila, ukoo kwa ukoo, mpaka inamwangukia Sauli mwana wa Kishi. Anatafutwa, haonekani, amejificha kwenye mizigo. Wanakimbia kumtoa. Anaposimama katikati yao, vichwa vya wenzake vinamfikia mabegani, na umati unapaza sauti kwa furaha. Wapo pia wanaomdharau na kukataa kumpa zawadi. Katikati ya kelele hizo Samweli anafanya jambo ambalo wengi hulipita mbio. Anawaeleza watu utaratibu wa ufalme, anauandika katika kitabu, na kitabu kile anakiweka mbele za Bwana. Kisha watu wote wanakwenda zao nyumbani.

Hapo ndipo tulipo sisi watu wa ziwa hili. Kushangilia tunajua. Kudharau tunajua. Kwenda nyumbani tunajua sana. Kile kitabu tumekiacha pale pale kilipowekwa.

Nasema nawe mama unayepimia wateja omena kwa gorogoro pale sokoni Kibuye, Kisumu. Nasema nawe kijana wa boda boda unayesubiri abiria Kondele. Nawe mkulima wa mpunga wa Ahero, ambaye Mto Nyando ukifura huingia hadi chumbani kwako. Nawe mvuvi wa Dunga, wa Usenge, wa Mbita, ambaye gugu maji hukufungia njia ya kutoka na mashua yako. Kila baada ya miaka mitano redio husoma jina. Ukilisikia jina hilo, unafanya nini? Na kesho yake unafanya nini? Na mwezi wa sita baada ya hapo, unafanya nini?

Nina jambo moja tu la kuwaambia, na nitalirudia hadi mlishike: habari ya kiongozi mpya ni mwito wa kazi, na anayeitwa kazini ni wewe uliyeisikia.

Nawarudisha mwaka 2008. Hakuna mwaka uliotufundisha zaidi, kama tungekubali kufundishwa.

Mwaka ule uliingia jiji hili likifuka moshi. Desemba 30, 2007, Mwai Kibaki alitangazwa mshindi wa urais na kuapishwa jioni ile ile jua likizama. Kisumu ililipuka. Maduka ya Barabara ya Oginga Odinga yaliporwa na kuteketezwa. Vijana walipigwa risasi mitaani. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote, na hapa Nyanza wengi wa marehemu wetu walikufa kwa risasi. Tulilia hadi Februari 28, 2008, Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walipotia sahihi mkataba mbele ya mpatanishi Kofi Annan, na hata baada ya sahihi hizo tuliendelea kulia.

Kabla mwaka haujaisha, ikaja habari nyingine. Asubuhi ya Novemba 5, saa za kwetu, ulimwengu uliambiwa kwamba Barack Obama amechaguliwa rais wa Marekani. Baba yake amezikwa Kogelo, Alego, mwendo mfupi kutoka hapa. Mji uliokuwa umelia miezi kumi nyuma ukatoka nje kucheza. Watu walikata matawi ya miti wakayapunga barabarani. Kule Kogelo boma la Mama Sarah, nyanya wa kambo wa Obama, lilijaa ngoma na wageni. Rais Kibaki akatangaza Alhamisi, Novemba 6, kuwa sikukuu ya taifa. Watoto waliozaliwa siku zile wakaitwa Obama, na wasichana wakaitwa Michelle.

Siwalaumu kwa furaha ile hata kidogo. Watu walioambiwa tangu mwaka 1963 kwamba zamu yao bado, walimwona mjukuu wa Kogelo akiingia katika jumba lenye mamlaka makubwa kuliko yote duniani. Furaha hiyo ilikuwa haki yenu. Bwana mwenyewe huwapa waliolia siku ya kucheka.

Lakini nawauliza, na mnijibu mbele za Mungu: furaha ile ilimdai nani nini?

Obama alichaguliwa na Wamarekani. Januari 20, 2009, aliapa kuilinda katiba ya Marekani. Kogelo haikuwa na kura hata moja katika uchaguzi ule, na yeye hakuwa na deni lolote la kisheria kwa Kogelo. Hata hivyo wangapi kati yetu waliamini kwamba sasa barabara zitakuja, viwanda vitakuja, kazi zitakuja zenyewe juu ya bawa la ndege? Alipokuja Kenya akiwa rais, Julai 2015, alihutubia Kasarani, Nairobi, akarudi zake bila kukanyaga Kogelo, na wako walionung'unika kana kwamba wameibiwa. Alifika Julai 2018, akiwa hana cheo tena, kufungua kituo cha vijana cha dada yake Auma. Yeye aliitimiza kazi yake kwa waliompa kura. Aliyekuwa na deni la hesabu kwetu, ambaye sisi tulipaswa kumdai, alikuwa karibu zaidi.

Angalieni umeme wa Kogelo. Siku chache baada ya habari ile, nguzo zilisimamishwa na taa zikawaka katika boma la Mama Sarah. Watu wakasema: ni baraka za Obama. Ndugu zangu, fumbueni macho! Nguzo zile hazikutoka Washington. Zilikuwa nguzo za Kenya, nyaya zilikuwa za Kenya, mafundi walikuwa wa Kenya, na gharama iliangukia mfuko wa Mkenya anayelipa kodi akinunua sukari na sabuni. Kilichoweza kufika Kogelo kwa siku chache mwezi wa Novemba kingeweza kufika mwaka uliotangulia, na miaka ishirini kabla yake. Je, kijiji cha Kenya kinahitaji mjukuu awe rais wa Marekani ndipo kipate umeme wa Kenya? Na kijiji cha pili yake, ambacho hakina mjukuu maarufu, kingoje nini? Jibu la haki ni hili: kilipaswa kudai, na kilipaswa kufundishwa jinsi ya kudai. Huo ndio uchungu ninaowaletea leo. Tulipokea haki yetu tukaishukuru kama zawadi, na anayeshukuru zawadi hawezi kuuliza kwa nini imechelewa.

Hao ndio walioshangilia. Sasa nawageukia walioomboleza, na ninawageukia kwa upole, kwa maana kilio cha pwani hii kina historia ndefu.

Mwaka 1969 tulimpoteza Tom Mboya wa Rusinga, aliyeuawa Julai 5. Oktoba 25 mwaka huo huo, Mzee Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali, risasi zikafyatuliwa kwenye umati, watu wakafa, watoto wakiwamo. Chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku, na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akatiwa kizuizini. Hospitali ile leo inaitwa kwa jina la Jaramogi. Agosti 2017, baada ya Uhuru Kenyatta kutangazwa, polisi waliingia nyumbani kwa watu usiku kule Nyalenda, na mtoto wa miezi sita akapigwa kichwani mikononi mwa mamake. Alikufa siku chache baadaye. Uchaguzi ule Mahakama ya Juu iliufuta Septemba 1, na uliporudiwa Oktoba 26, kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hazikupiga kura. Kisha ikaja Agosti 15, 2022. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Wafula Chebukati, akasoma: William Ruto kura 7,176,141, Raila Odinga kura 6,942,930. Makamishna wanne wakajitenga na matokeo. Matairi yakawaka Kondele kabla jua halijatua. Septemba 5 Mahakama ya Juu ikathibitisha, na mji ukanyamaza.

Nani atawaambia watu kama hao wasilie? Si mimi. Aliyezika mtoto ana haki ya kilio chake, na asiyelilia damu isiyo na hatia amekwisha kufa moyoni.

Ila kilio nacho kina mtego. Mara tano tulimpeleka Raila, tuliyemwita Baba, kwenye debe la urais: 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022. Mara tano tuliambiana kwamba akiingia yeye, maji yatatoka bombani, samaki watapata soko, vijana watapata kazi. Hakuingia, tukaambiana basi tungoje miaka mingine mitano. Na katika miaka hiyo ya kungoja, nani alikuwa akisimamia pesa zilizokwisha kufika? Tangu 2013 kaunti zetu zimepokea mabilioni ya shilingi kila mwaka, zikisimamiwa na magavana tuliowachagua wenyewe, na mawaziri wa kaunti na wawakilishi wa wadi tunaowajua kwa majina na kwa ukoo. Pesa zile hazikupotea pamoja na kura. Zilikuja. Sisi tulikuwa tumeketi tukiutazama urais wa Nairobi, na mlango wa nyumbani tukauacha wazi.

Oktoba 15, 2025, Raila Amolo Odinga alifariki India. Uwanja wa Mamboleo ulifurika watu waliokuja kumuaga, na siku iliyofuata, Oktoba 19, alilazwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo, kando ya baba yake. Tulipiga yowe la jowi hadi sauti zikakauka. Na tangu siku ile swali moja linazunguka kwenye vijiwe, kwenye matanga na kwenye meza za samaki: sasa nani? Nani atavaa kofia yake? Nani atakuwa sauti yetu?

Wapendwa, mzee huyo alifungiwa kizuizini miaka mingi bila kesi. Alipotoka, pamoja na Wakenya wengine wengi, alipigania katiba mpya, na Agosti 4, 2010 aliipigia kampeni ya Ndiyo akiwa Waziri Mkuu. Katiba hiyo ilizinduliwa Agosti 27 mwaka huo. Kifungu chake cha kwanza kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 73 kinasema cheo ni amana. Kifungu cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kufanya kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Mnatafuta sauti yenu? Ameshawaachia! Imeandikwa. Kulia kaburini kwake na kutolifungua andiko alilotaabikia ni kumzika mara mbili.

Na liko kundi la tatu, na nalihofia kuliko yote mawili. Ni wale wasiocheka wala wasiolia. Ukiwaambia kiongozi mpya amechaguliwa, wanajibu: wote ni wale wale. Ukiwaita kwenye kikao cha wadi wanasema siasa ina wenyewe. Siku ya kampeni wanapanga foleni kupokea noti ya mia mbili na fulana, na jioni wanasema angalau mimi nimekula changu. Ndugu yangu, hujala chako. Umekula cha mtoto wako. Mia mbili ile ni dawa itakayokosekana zahanati, ni dawati litakalokosekana darasani, ni daraja ambalo halitajengwa. Wale waliomdharau Sauli walijiona wajanja kuliko waliomshangilia, lakini Biblia haituambii kwamba walifanya jambo lolote jingine jema siku ile. Walidharau, wakaenda nyumbani. Dharau haijawahi kuchimba kisima.

Wala msiniambie kwamba raia wa kawaida hawezi kitu. Mwaka 2003 aliweza. Kibaki alipoapishwa Desemba 30, 2002, baada ya Raila kusimama Uhuru Park na kusema Kibaki anatosha, nchi iliamka ikiwa na moyo mpya. Gallup walipopima matumaini ya mataifa, Wakenya wakaonekana kuwa watu wenye matumaini makubwa kuliko wote duniani. Na matumaini yale yalikuwa na mikono! Abiria wa matatu walimkataza dereva kumpa polisi kitu kidogo. Wananchi walimzunguka askari barabarani wakamlazimisha arudishe hongo. Hawakuwa wabunge wala mawakili. Walikuwa watu wanaokwenda sokoni. Kwa wiki chache, mwananchi wa kawaida alitawala nchi yake.

Kwa nini haikudumu? Kwa sababu ilisimama juu ya hisia peke yake. Watu walipochoka kuwakamata askari, hawakuwa na daftari, hawakuwa na kikao, hawakuwa na siku iliyopangwa ya kuuliza. Wakarudi nyumbani wakimwachia Kibaki na mawaziri wake. Mwaka uliofuata kashfa ya Anglo Leasing ikafichuka. Moyo wa moto ni neema, lakini moto usiopangiwa kuni huzimika.

Ndiyo maana nawapeleka sura ya 12.

Samweli amezeeka. Watu wamekusanyika tena. Safari hii mzee yule, aliyeliongoza taifa tangu ujana wake, anasimama mbele ya umati na kujiweka kizimbani mwenyewe. Anawauliza: kuna ng'ombe wa mtu nimemchukua? Punda wa mtu? Nimemdhulumu nani? Nimepokea hongo kutoka mkono wa nani? Semeni sasa, mbele za Bwana na mbele ya mfalme, nami nitarudisha. Na watu wanajibu kwamba hakuna.

Tazameni mambo mawili hapo. La kwanza, nabii wa Mungu hakuona aibu kuhesabiwa. Basi gavana ni nani asihesabiwe? Mbunge ni nani? Mchungaji anayekusanya sadaka ni nani? La pili, watu waliweza kujibu. Walijua ng'ombe wao ni wangapi. Umati usiojua mali yake hauwezi kumhukumu Samweli kuwa mwema, wala hauwezi kumhukumu mwizi kuwa mwizi. Wazee wetu walishasema: mali bila daftari huisha bila habari.

Daftari liko wapi? Sikilizeni, na mwenye kalamu aandike. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 imeweka kalenda. Kufikia Septemba 1 mpango wa maendeleo wa mwaka lazima uwe umefikishwa kwenye bunge la kaunti. Hapo ndipo huandikwa kama barabara yenu imo au haimo. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti lazima yawe mezani. Julai 1 mwaka wa fedha unaanza. Baada yake Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali hukagua, na ripoti yake ni ya umma. Ukitaka kujua soko lenu lilitengewa kiasi gani na nani alipewa kandarasi, sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika barua kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Hujui kuandika? Ofisa anapaswa kukusaidia kuliwasilisha ombi lako. Wakikunyima, mlango wa Ombudsman, mpokea malalamiko ya wananchi, uko wazi. Barua ya Kiswahili, mama! Ile ile unayomwandikia mwanao aliye Nairobi.

Kisumu ina wadi 35. Laiti kila wadi ingekuwa na watu kumi tu waliokubaliana kuhudhuria kila kikao cha bajeti, kusoma kila karatasi, na kurudi kanisani, msikitini na sokoni kuwaeleza wengine! Nani angethubutu kujenga kwa maneno choo cha soko? Nani angelipia tuta la Mto Nyando ambalo halikujengwa, mbele ya watu wa Kano ambao kila masika hubeba magodoro yao vichwani kukimbilia shuleni?

Watu wa ufukweni, ninyi mna mahali pa kuanzia leo. Tangu kanuni za mwaka 2007, kila ufuo wa wavuvi una BMU yake, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, na kamati yake inachaguliwa na wanachama. Mwenyekiti wa BMU ni kiongozi mteule kama alivyo rais. Anakusanya ada, zimekwenda wapi? Anasimamia nyavu haramu; zimekamatwa ngapi, na je, za shemeji yake zilikamatwa? Anayeshindwa kumuuliza mwenyekiti wa ufuo wake, ambaye anamwona kila alfajiri, atamuuliza nani Nairobi? Mvuvi hutega nyavu jioni na alfajiri hurudi kuzitegua. Asiporudi, samaki wataoza au nyavu zitaibwa. Kura yako ni wavu uliotegwa. Rudi!

Sasa sura ya 14, na hapa ndipo Neno linapokata hadi mfupa.

Sauli ameshakuwa mfalme. Siku ya vita anawaapisha watu wasionje chakula hadi jioni. Yonathani mwanawe hakukisikia kiapo, akaonja asali. Na Yonathani ndiye aliyeleta ushindi siku ile. Mfalme anaapa kwamba lazima mwanawe afe. Na wale watu, wale wale waliopaza sauti Mispa, wanasimama na kumwambia mfalme waliyemshangilia: hapana. Yonathani hataguswa. Wanamwokoa, na hakuna mkuki ulioinuliwa juu ya mfalme, hakuna nyumba iliyochomwa.

Huo ndio uraia uliokomaa. Na angalieni: Sauli alikuwa wao. Walimtoa wenyewe kwenye mizigo. Kumpinga kiongozi wa watu wengine ni rahisi. Tumefanya hivyo miaka sitini na tunakijua kila kichochoro chake. Kumwambia hapana mtu wetu, wa ukoo wetu, anayesema lugha yetu na anayezika pamoja nasi, hapo ndipo imani hupimwa.

Leo mambo yamebadilika. Tangu Agosti 2024 Wizara ya Fedha imekuwa chini ya John Mbadi, mwana wa Suba, na Wizara ya Kawi chini ya Opiyo Wandayi, mwana wa Ugunja. Wengi wamefurahi, na si vibaya kufurahi. Lakini msije mkasema: sasa watu wetu wako jikoni, tunyamaze tupakuliwe. Ndugu wa kweli ni yule anayemuuliza nduguye hesabu kabla mgeni hajamuuliza. Waombeeni. Kisha waulizeni. Swali lililokuwa halali kwa waziri wa Mlima Kenya au wa Bonde la Ufa ni halali vile vile kwa wa Homa Bay na wa Siaya. Ukilifuta kwa sababu ya undugu, wewe hukuwahi kuipenda haki. Uliupenda upande wako.

Na vijana wangu, nawasihi kwa machozi. Juni 2024 mliusoma Mswada wa Fedha ukurasa kwa ukurasa, mkautafsiri kwa lugha za mama zenu, mkaingia barabarani, na Juni 26 Rais Ruto akakataa kuutia sahihi mswada ule. Wenzenu walikufa kwa risasi. Damu yao inalia hata sasa. Mlionyesha kwamba karatasi iliyosomwa ina nguvu kuliko jiwe lililorushwa. Kwa nini basi msiisome hivyo hivyo bajeti ya Kisumu? Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika na kuwasilisha ombi lako kwa amani, bila silaha. Shikeni haki hiyo kwa mikono miwili. Mikono miwili ikishika karatasi haiwezi kushika jiwe. Kila jiwe lililorushwa Kondele limevunja dirisha la mfanyabiashara wa Kisumu na kumpa askari kisingizio. Msimpe kisingizio. Mpeni maswali yaliyoandikwa, yenye tarehe na sahihi, mia, elfu, elfu kumi.

Najua wako watakaosema kwamba mambo haya si ya mimbari, mhubiri ahubiri wokovu. Mimi nasema kwamba Mungu aliyemsikia Israeli akilia chini ya mjeledi wa Misri hajafungiwa ndani ya jengo la kanisa. Dawa ikikosekana zahanati na mama akafa akijifungua, huyo ni mwana wa Mungu amekufa. Aliyekula pesa ya dawa ametenda dhambi, na aliyejua akanyamaza ana sehemu yake katika dhambi hiyo. Ahadi ni deni, na deni lisilodaiwa humfanya mdaiwa kuwa na kiburi.

Agosti 10, 2027 tutapiga kura tena. Jina litasomwa. Huenda litakuwa jina mnalolipenda, huenda litakuwa jina linalowaumiza. Likiwafurahisha, pigeni vigelegele, chezeni, mshukuruni Mungu. Likiwaumiza, lieni, kisha nendeni mahakamani kwa njia ya sheria. Lakini yeyote asiyejifunga kibwebwe baada ya siku hiyo na kushika kazi ya mwananchi, asiniambie kwamba alichagua.

Wala msingoje 2027. Wiki hii jiandikishe kama hujajiandikisha. Wiki hii mtafute mwakilishi wa wadi yako, umwamkue kwa heshima anayostahili, na umuulize maswali matatu: wadi yetu ilitengewa nini mwaka huu, kimefanyika kipi, na kikao kijacho cha wananchi ni lini? Andika majibu yake. Peleka majibu hayo Jumapili kanisani, Ijumaa msikitini, Jumatano kwenye chama chenu cha akina mama. Mwezi ujao rudi umuulize tena. Akikuambia hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, mwambie utaratibu umebadilika, kisha keti hadi akujibu. Amina.